Mtumishi aliyeolewa na bosi wake akakataa kuwa bibi mwenye nyumba: ni uasi, mapenzi, au alishazoea?

#1 Kalamu Butu
Wakuu, salamu.

Wiki nzima nimezama kwenye maisha ya mwanamke mmoja wa Kiingereza, Hannah Cullwick. Amezaliwa 1833 Shifnal, Shropshire, amekufa 1909. Baba fundi wa matandiko ya farasi, mama naye aliwahi kuwa mtumishi. Hannah alianza kazi za ndani akiwa na miaka 8, na hakuziacha mpaka uzeeni. Kafanya zote: yaya, mwosha vyombo, mpishi, mfanya kila kitu.

Mwaka 1854, siku anatimiza miaka 21, akakutana barabarani London na Arthur Munby, msomi wa Cambridge, mwanasheria, mtoto wa watu. Wakawa pamoja kwa kificho miaka 18 na ushee. Januari 1873 Munby akamwoa, nayo ndoa ikawa ya siri.

Hapa ndipo niliposimama. Mimi na wewe tungesema jiko kwaheri. Yeye akahamia kwenye vyumba vya Munby pale Temple, mtaa wa wanasheria London, akaendelea kupika, kusugua sakafu, kung'arisha viatu, na akataka alipwe mshahara wake kama kawaida. Rafiki za mume wakija, mume anakaa nao mezani, mke anahudumia, na wageni hawajui chochote.

Madai yangu: huyu alikuwa muasi kuliko wengi waliobeba mabango. Wengine wanapigania kupanda ngazi. Yeye aliwekewa ngazi mlangoni akaiangalia, akachukua ndoo yake. Nawasilisha.

#2 Chachandu
Naweka kambi hapa. Kuna picha?

#3 Mzee wa Busati
Kalamu Butu, umeandika vizuri lakini umelipaka rangi jambo la kawaida. Mtu akifanya kazi moja tangu ana miaka 8, akifika 39 hiyo kazi ndiyo yeye. Ng'ombe wa jembe ukimfungulia nira bado atasimama palepale. Sitaki kuuita uasi, nauita mazoea.

#4 Nyota Njema
Mzee wa Busati, ng'ombe hadai mshahara.

#5 Mzee wa Busati
😂 Haya.

#6 Jicho la Mwewe
Marekebisho madogo kwa mleta mada kabla watu hawajaenda mbali. Munby alisomea uanasheria lakini hakuupenda, na riziki yake haikutoka mahakamani. Aliajiriwa kwenye ofisi iliyosimamia mali za Kanisa la Uingereza, karani wa heshima tu. Kwa hiyo tusimfikirie kama tajiri mwenye jumba. Alikuwa na jina la ukoo kuliko alivyokuwa na pesa.

La pili, na ndilo kubwa: huyu bwana alikuwa na shauku ya ajabu na wanawake wa kazi ngumu. Alizunguka nchi nzima akizungumza na wanawake wa machimbo ya makaa, wavuvi, wafagiaji, akiandika kila kitu na kukusanya picha zao. Hannah hakuwa bahati nasibu. Alikuwa ndiye aliyekuwa akimtafuta.

#7 Fundi Saa
Namshukuru Jicho la Mwewe kwa kufungua mlango, mimi naingia bila kubisha. Tuache kuzungukazunguka. Hannah alivaa mkufu wa chuma shingoni wenye kufuli, ufunguo akiwa nao Munby. Mkononi alikuwa na ukanda wa ngozi hauvuliwi. Alimwita "Massa", lile neno la watumwa wa Marekani kwa mabwana zao. Alijipaka masizi mwili mzima akapigwa picha kama mfagia dohani. Alimwosha miguu. Kuna siku alimbeba mikononi kama mtoto.

Jamani, hawa watu wawili walikuwa na mchezo wao wa chumbani. Siwahukumu, watu wazima walikubaliana. Ila kuuita "uasi dhidi ya matabaka" ni kumvisha joho asilolishona.

#8 Chachandu
Subiri. Nani alimbeba nani?

#9 Fundi Saa
Mtumishi alimbeba bosi.

#10 Chachandu
Sasa hapo tunaanza kuelewana na mleta mada.

#11 Kalamu Butu
Fundi Saa, nilijua litakuja. Lakini swali: mchezo unachezwa usiku, na asubuhi je? Asubuhi alikuwa anaamka kwenye nyumba za watu wengine kabisa, ambao hawakumjua Munby, anapiga magoti kwenye ngazi za nje na ndoo ya maji baridi. Miaka kumi na nane kabla ya ndoa hiyo ndiyo ilikuwa siku yake. Aliandika kwenye shajara hesabu ya jozi za viatu alizong'arisha mwezi mzima. Hesabu, wakuu. Unahesabu kitu unapotaka siku moja kionekane.

#12 Jicho la Mwewe
Kalamu Butu, hiyo shajara unayoitegemea iliandikwa kwa kuombwa na Munby, na msomaji wake wa kwanza alikuwa Munby. Hannah alikuwa anaandika huku akijua bosi wa moyo wake atafurahia kusoma habari za masizi na viatu. Zile hesabu zinaweza kuwa barua ya mapenzi. Ukisahau msomaji alikuwa nani, utaisoma shajara kichwa chini miguu juu.

Lakini sikatai yote. Kuna sehemu anaandika mambo ambayo Munby hangefurahia. Habari ya ndoa, kwa mfano: alisema wazi kwamba leseni ile aliyooneshwa haikumsisimua, hakuona itamwongezea nini.

#13 Zamani Jikoni
Habari zenu. Huwa nasoma tu, leo naandika.

Nimefanya kazi za ndani miaka 14, nyumba tatu. Nyumba ya pili bosi mama alikuwa mwema kweli, simsemi vibaya. Siku moja akasema mimi sipendi unavyokula jikoni peke yako, njoo mezani, wewe ni mtoto wa hapa. Nikaenda. Nikapewa kiti cha mwisho, karibu na mlango wa jikoni. Kila aliyetaka chumvi aliniangalia mimi. Maji yakiisha kwenye jagi, macho kwangu. Nilinyanyuka mara sita, nilihesabu. Nimekuja kukaa chakula kimepoa, wenzangu wanafuta mdomo.

Jikoni nilikuwa nakula cha moto, nimenyoosha miguu, mlango nimeurudishia. Ile nusu saa ilikuwa yangu.

Na mwezi uleule mshahara ulichelewa. Kuuliza, nikaambiwa "kwani una haraka gani, si upo nyumbani kwenu?"

Nikarudi kula jikoni. Bosi mama alinuna wiki mbili, akaona nimemkataa. Sijui huyo Hannah alikuwa na mambo gani na mnyororo wake, lakini hilo la kudai mshahara baada ya kuolewa nimelielewa kabla sijamaliza kusoma sentensi.

#14 Nyota Njema
Zamani Jikoni, uzi ungeishia hapa mimi ningeridhika.

#15 Kifaru Mpole
"Si upo nyumbani kwenu" 😭 Mjomba wangu alinifanyia hivyohivyo dukani kwake miaka miwili. Undugu ni mkopo usiolipwa.

#16 Mzee wa Busati
Nafuta la ng'ombe. Zamani Jikoni ameniweka sawa. Ila natofautiana kidogo: wewe ulikataa meza kwa sababu ilikuwa meza ya uongo. Hannah aliolewa kanisani, na ndoa si kiti cha pembeni.

#17 Nyota Njema
Mzee wangu, ndoa ya Uingereza enzi zile ndiyo kiti cha pembeni chenyewe. Mwanamke akiolewa, kila senti yake inakuwa ya mume kisheria. Mtumishi anachuma chake. Akiwa "bibi" hana chake. Sasa nani kapanda na nani kashuka? Alidai mshahara kwa sababu ndiyo kitu pekee ambacho kingebaki na jina lake.

#18 Jicho la Mwewe
Nyota Njema, karibu sawa lakini tarehe zinakuponyoka. Hiyo ilikuwa kweli kabla ya 1870. Mwaka huo ilipita sheria iliyomruhusu mke kumiliki alichokichuma kwa kazi yake, na ya 1882 ikaongeza mali nyingine. Hannah kaolewa 1873, kwa hiyo mshahara wake ulikuwa umeshalindwa.

#19 Nyota Njema
Alichokichuma wapi? Kwa mwajiri wa nje, au kwa kumpikia mumewe? Hakuna hakimu wa wakati ule angesema mke anamdai mume mshahara wa kusugua sakafu yao. Kwa hiyo mbele ya sheria, siku ya harusi Hannah alifukuzwa kazi bila kujua. Mshahara ule ulikuwa makubaliano yao wawili tu. Narudia: alikataa kugeuzwa mfanyakazi wa bure.

#20 Jicho la Mwewe
Hapo umenibana. Nitarudi.

#21 Chachandu
Kaandike tarehe zote ukirudi, mwalimu.

#22 Mwana Tarihi
Nimesoma yote kimyakimya na kuna kitu kinaniwasha.

Huyu mama kazaliwa 1833, mwaka uleule Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kufuta utumwa kwenye sehemu kubwa ya makoloni yake. Kaolewa Januari 1873. Tarehe 5 Juni mwaka huohuo Sultani Barghash anatia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa Unguja, manowari za Waingereza zikimkodolea macho. Kafa 1909, mwaka ambao huku Zanzibar masuria nao walifikiwa na sheria, maana ile ya 1897 iliyofuta utumwa iliwaacha nje.

Sasa niambieni. London kuna mwanamke anavaa mnyororo kwa hiari na kumwita mpenzi wake "Massa", na ufunguo upo mtaa wa pili. Pwani hii kuna mjakazi ambaye bwana wake hakuhitaji hata kufuli. Mkimwita Hannah muasi, yule mjakazi mtamwita nani?

Tena tazameni waliopata uhuru hapa walifanya nini. Kaniki ilikuwa nguo ya mjakazi. Uhuru ulipokuja waliikimbia, wakavaa kanga za rangi, na baadaye buibui lililokuwa vazi la wenye nafasi. Hawakuisusa ngazi, waliipanda kwa kitambaa, hatua kwa hatua, na waungwana wakakereka kuona hawajui tena nani ni nani barabarani. Huo ndio uasi wa kimya ninaoujua. Kukataa kupanda ni anasa ya mtu aliyekaribishwa.

#23 Kalamu Butu
Mwana Tarihi, umenipiga mahali pabaya. Siwezi kukujibu kwa haraka. Naweza kusema kitu kimoja tu: yule aliyevaa buibui na yule aliyekataa glovu wote waliharibu uwezo wa waungwana kujua nani ni nani. Munby alikuwa akimvalisha Hannah kama bibi wanaposafiri, walienda Ufaransa hivyo, na hakuna aliyemgundua. Mtumishi kavaa gauni na kofia, watu wanampisha. Kwa hiyo alijua kabisa ubibi ni nguo. Akirudi anazivua. Glovu ndizo alizozichukia kuliko zote.

#24 Mwana Tarihi
Sawa, lakini wa huku hakuwa na mahali pa kurudi kuzivulia.

#25 Mama Pacha
Samahani, naona uzi unawachambua waajiri kama vile sote ni mashetani. Mimi ni mama wa watoto wawili, naajiri dada wa kazi, na Zamani Jikoni amenikaa rohoni tangu jana. Mimi pia ni yule wa "njoo ukae mezani". Nilidhani ni utu. Sasa nifanye nini, nimwambie abaki jikoni? Nikimwita mtoto wa hapa nakosea, nikimwita mfanyakazi nakosea.

#26 Zamani Jikoni
Mama Pacha, hujakosea kumkaribisha. Ila siku akikaa mezani, chumvi ifuate wewe.

#27 Kifaru Mpole
😂😂 Huyu dada aanzishe uzi wake.

#28 Zamani Jikoni
Na mshahara tarehe yake. Hayo mengine ya mapenzi yatakuja yenyewe au yasije.

#29 Fundi Saa
Narudi kwenye mada. Mnaendelea kumpamba Hannah lakini hamgusi dini. Alikuwa mtu wa kanisa, na Ukristo wa enzi zile ulimwambia maskini kwamba unyenyekevu ni taji. Kuna picha yake amepigwa kama Maria Magdalena. Labda alisugua sakafu kama wengine wanavyofunga. Hiyo nayo ni maelezo, na haihitaji uasi wala kitanda.

#30 Mzee wa Busati
Fundi Saa, juzi ilikuwa mchezo wa chumbani, leo ni ibada. Kesho itakuwa mazoezi ya viungo.

#31 Fundi Saa
Mzee, mtu mmoja anaweza kuwa na sababu tatu asubuhi moja.

#32 Nyota Njema
Hata hiyo ya mazoezi isidharauliwe! Alijivunia mikono yake kwelikweli, ukubwa wa misuli na ugumu wa viganja. Na kuna uhuru ambao bibi hakuwa nao. Bibi wa tabaka la Munby hatembei London usiku peke yake, habebi mzigo, haingii kilabuni kunywa bia. Mtumishi mwenye aproni chafu anapita kila mahali na hakuna anayemwona. Kumfanya bibi ni kumfungia ndani. Mimi ningechagua ndoo pia.

#33 Jicho la Mwewe
Nimerudi. Nyota Njema, la mshahara nimekubali, umeshinda.

Hili la uhuru linahitaji chumvi kidogo. Uhuru wa mtumishi wa Uingereza ulikuwa umefungwa kwa barua moja: barua ya tabia kutoka kwa mwajiri wa zamani. Bila hiyo hupati nyumba nyingine, na mwajiri hakulazimika kuiandika. Sensa ya 1891 ilikuta zaidi ya wanawake na wasichana milioni 1 kwenye kazi za ndani nchi ile, na wengi wao walikuwa peke yao kwenye nyumba ya mtu, hakuna mwenzio wa kupanga naye mgomo. Ndiyo maana uasi wao lazima uwe kimya. Mgomo wa mtu mmoja unaitwa kufukuzwa.

Hannah mwenyewe aliyaonja. Akiwa kijana aliajiriwa Aqualate, jumba la Lady Boughey, kazi ya kuosha na kusugua vyombo vya jikoni. Miezi minane hivi. Siku moja yeye na mwenzake wako uani wanasugua masufuria, wakaanza kuchezacheza, wasichana hao. Bibi akawaona. Wote wawili notisi. Si wizi, si kuvunja sahani: kucheza.

#34 Kalamu Butu
Hiki nilikisahau kukiweka kwenye bandiko la kwanza, na labda ndicho kilichopaswa kuanza. Wazazi wake walikuwa wameshakufa, wamefuatana, yeye akiwa na miaka 14. Hana pa kurudi, na anafukuzwa kwa kucheza. Halafu miaka mingi baadaye anatumia maisha yake yote ya siri kufanya nini? Kucheza. Anacheza mtumwa, anacheza bibi, anacheza mfagia dohani, amevaa hadi mavazi ya kiume mbele ya kamera. Fundi Saa, mchezo wako nimeukubali. Ila angalia nani alikatazwa kucheza kwanza.

#35 Fundi Saa
Hii ni nzuri mno kuwa kweli. Unamshonea mtu maisha kama kanzu, kila upande ulingane.

#36 Kalamu Butu
Huenda. Ila sijaitupa.

#37 Kifaru Mpole
Kuna msomi mmoja wa Marekani, James Scott, aliyekaa kijijini huko Kedah, Malaysia, mwishoni mwa miaka ya 1970 akiangalia wakulima maskini. Alisema wanyonge hawapigani kwa mapinduzi, wanapigana kwa kuzembea, kujifanya hawajaelewa, kudokoa, kusengenya. Hizo ndizo silaha zao. Sasa shida ya Hannah ni hii: hakuzembea hata kidogo! Alifanya kazi kupita kiasi. Kwa kipimo cha Scott hakuwa muasi, alikuwa mfanyakazi bora wa mwezi.

#38 Zamani Jikoni
Kifaru, kuna kuzembea na kuna kufanya kazi vizuri mpaka bosi aone aibu. Hiyo ya pili inauma zaidi. Unamwachia nyumba inang'aa hivi kwamba hana cha kukusema, na anajua yeye hawezi.

#39 Mzee wa Busati
Hilo nalithibitisha. Nyumbani kwetu alikuwepo mama mmoja aliyekaa na sisi tangu sijazaliwa mpaka nina watoto, miaka 31. Tulimwita Maria. Alikuwa anakunja mashuka pembe kwa pembe, kama yametoka kiwandani. Alipoamua kuondoka, baba akamwandalia kiinua mgongo na karatasi ya kusaini. Akasaini jina ambalo hatujawahi kulisikia. Baba akadhani kakosea, akamwambia andika jina lako. Akajibu, "ndilo." Maria alikuwa yule dada aliyemtangulia. Siku ya kwanza bibi yetu alimwita Maria kwa mazoea, naye akaitika, akaacha hivyohivyo.

Miaka 31 alikuwa amemweka Maria mbele, yeye mwenyewe kakaa nyuma. Mimi mpaka leo sijui kama alituheshimu au alitunyima.

#40 Jicho la Mwewe
Mzee wa Busati, kubadilishwa jina ilikuwa kawaida kabisa kwenye nyumba za Waingereza wakubwa. Ukija unaitwa jina lililozoeleka kwa nafasi ile, kwa sababu familia haitaki kujifunza jipya. Tofauti ni kwamba huyo wenu alilitumia kama ngao.

Na kwa kuwa Chachandu aliniagiza tarehe: Uingereza ilikuwa na kodi ya kuajiri watumishi wa kiume kuanzia 1777 mpaka 1937. Mwanamume jikoni alitozwa kodi kama bidhaa ya kifahari.

#41 Chachandu
Ndiyo maana mimi siingii jikoni. Nalinda bajeti ya familia.

#42 Nyota Njema
Chachandu, mkeo yuko humu?

#43 Chachandu
Hapana na isiwe.

#44 Pazia Jekundu
Nimechelewa kwenye uzi. Mbona hamjamtaja Vivian Maier? Yule mtumishi wa Chicago aliyepiga picha za siri maisha yake yote, zaidi ya 100,000, zikaja kupatikana kwenye mnada 2007. Naye alijificha hivyohivyo.

#45 Jicho la Mwewe
Alikuwa yaya, si mtumishi wa jikoni, lakini mfano unafaa. Tofauti moja: negativu nyingi za Maier hata hazikuwahi kusafishwa. Hakuwa na msomaji. Hannah alikuwa naye mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyezihifadhi karatasi. Munby aliacha makasha yake kwa chuo cha Trinity, Cambridge, kwa sharti yasifunguliwe mpaka 1950. Shajara za Hannah zilikuja kuhaririwa na kuchapwa na Liz Stanley 1984. Bila yule "Massa" tusingekuwa na uzi huu. Mnaomtetea Hannah mlimeze na hilo.

#46 Mwana Tarihi
Na mjakazi wa hapa hakuwa na wa kumwekea kasha. Nilikuwa nasubiri mtu aseme.

#47 Mzee wa Busati
Mwisho wao ulikuwaje? Walibaki pamoja?

#48 Kalamu Butu
Hapana na ndiyo. 1877 walivunjika, Hannah akaondoka London akarudi Shropshire. Lakini Munby aliendelea kwenda kumwona mwaka baada ya mwaka mpaka Hannah alipokufa Julai 1909. Munby naye akafuata Januari 1910, miezi sita tu. Wosia uliposomwa ndipo magazeti yakaandika kwamba bwana yule mwenye heshima zake alikuwa na mke mtumishi kwa miaka 36.

#49 Nyota Njema
Miezi sita. Fundi Saa, bado ni mchezo?

#50 Fundi Saa
Michezo mingine ni mirefu.

#51 Mama Pacha
Nimerudi na habari, maana Mzee wa Busati aliniharibia usingizi na Maria wake.

Jana jioni nimekaa na dada wa kazi, yuko kwangu mwaka wa nne. Nikamwuliza, hivi jina lako kamili ni nani, la kwanza mpaka la mwisho. Akaacha kuosha vyombo. Akajifuta mikono taratibu, akaniangalia, akaniuliza, "Mama, nimekosea nini?"

Nikasema hujakosa kitu, nataka kujua tu. Akanitajia majina matatu harakaharaka kama mtu anayehojiwa, kisha akaenda chumbani. Nilisikia zipu ya begi. Nikamfuata nikamwapia hakuna kinachoendelea. Leo asubuhi kaamka kabla ya wote, kafua hadi mapazia ambayo sikumwambia.

#52 Zamani Jikoni
Mama Pacha, tarehe ya mshahara ni lini?

#53 Mama Pacha
Ilikuwa Jumatatu.

#54 Zamani Jikoni
Leo ni siku gani?

#55 Mama Pacha
Natuma sasa hivi.

#56 Chachandu
Picha ya masizi bado sijawekewa. Kurasa zote hizi na mwomba picha wa kwanza ni mimi.